Kidole Kikisimama Hakisomi

Vitabu vya kwanza vya wasioona vilitengenezwa vipendeze macho. Nasema hivyo bila kinyongo, kwa sababu aliyevibuni, Valentin Haüy wa Paris, alikuwa mtu mwema. Mwaka 1771 alipita kwenye gulio la Saint-Ovide akakuta kundi la wasioona wamevalishwa kofia za kuchekesha na miwani mikubwa isiyo na kazi, wanapiga muziki ovyo ovyo huku umati ukiangua vicheko. Jambo lile lilimkaa rohoni. Katikati ya miaka ya 1780 akafungua shule, na mwanafunzi wake wa kwanza, François Lesueur, alikuwa kijana aliyezoea kuomba sadaka mlangoni pa kanisa. Inasimuliwa kwamba Lesueur alipapasa kadi iliyochapwa kwa nguvu, akaitambua herufi kwa jinsi ilivyovimba upande wa nyuma. Haüy akaona njia: karatasi nene ilowanishwe, ikandamizwe juu ya herufi kubwa za risasi, na ikikauka herufi zibaki zimeinuka.

Mwenye macho akikifungua kitabu cha namna hiyo anakutana na herufi zile zile anazozijua, basi anafurahi, anadhani na kipofu amefurahi. Mimi sioni tangu surua ilipopita kijijini kwetu nikiwa mdogo, na maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watoto wasioona kusoma na kuandika. Shemeji yangu seremala aliwahi kutuchongea alfabeti ya kawaida kwenye ubao wa mninga, kazi safi kabisa, pembe zimepigwa msasa. Watoto waliipenda. Lakini ili ujue hii ni R, wala si P au B, ilikubidi uizungushie kidole herufi nzima, upande, ushuke, urudi tena katikati. Na mtoto akifika herufi ya tano ya jina lake alikuwa ameshaisahau ya kwanza. Vitabu vya Haüy vilikuwa na shida hiyo hiyo, na nyingine iliyo kubwa zaidi: mwanafunzi hakuweza kujiandikia. Alisoma kwa taabu kile alichochapiwa, basi. Kumpelekea mama barua, kuweka hesabu ya deni, kuandika siri yake mwenyewe, hayo yote yalibaki mikononi mwa wenye macho.

Louis Braille aliingia katika shule hiyo mwaka 1819 akiwa na miaka 10. Kwao ni Coupvray, mashariki ya Paris, ambako baba yake alitengeneza matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 aliokota kifaa chenye ncha kwenye karakana ya baba, kikamchoma jicho, maradhi yakahamia jicho la pili, na kabla hajafikisha umri wa kwenda shule alikuwa haoni kabisa. Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa jeshini, aliileta shuleni kwao aina mpya ya maandishi: si mistari tena, ni nukta zilizoinuka. Wazo hilo peke yake lilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu ngozi huitambua nukta upesi kuliko inavyoufuata mstari. Tatizo ni kwamba Barbier alipanga hadi nukta 12 kwa alama moja, safu 2 za nukta 6 kila moja, na alama zenyewe zilisimamia sauti tu, bila tahajia wala vituo.

Hapa kuna jambo ambalo wenye macho hawana sababu ya kulijua. Weka ncha ya kidole juu ya punje ya chumvi ukitulize. Mwanzo utaihisi, kisha kidogo kidogo ngozi inaizoea, na punje inapotea ingawa ipo pale pale. Kidole kikisimama hakisomi. Kinasoma kikiwa safarini, kikiteleza kutoka kushoto kwenda kulia bila kukandamiza, kwa hiyo alama nzuri ni ile inayodakwa yote kwa mpito mmoja. Alama ya Barbier ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole: ilibidi ushuke nayo, upande nayo, halafu ndipo usonge mbele. Yule kijana Braille aliikata nusu. Nukta 6, 3 kwenda chini na 2 kwenda kando, ukubwa ambao ncha ya kidole huufunika wote mara moja. Kufikia mwaka 1824 mfumo ulikuwa umesimama, naye ana miaka 15. Mwaka 1829 ukachapwa kitabuni.

Tena aliupanga kwa akili ya mwalimu. Herufi 10 za mwanzo, A mpaka J, zinatumia nukta 4 za juu tu. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile, umeziongezea nukta moja ya chini upande wa kushoto. Mtoto aliyeshika A mpaka J ameshashika pia K mpaka T, ila hajaambiwa. Nikifika somo hilo darasani huwa nasubiri kidogo nisikie nani atang'amua kwanza. Daima yupo.

Ungetegemea shule ile impigie kijana makofi. Wanafunzi walimpokea, wakuu wakasita. Pierre-Armand Dufau, aliyeshika uongozi wa shule mwaka 1840, aliyapiga marufuku maandishi ya nukta akarudisha herufi za kuinuliwa. Hofu yake ilikuwa kwamba wasioona wakiwa na alfabeti yao watatengwa na watu wengine. Hoja hiyo nimeisikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili, kutoka kwa watu walionizidi cheo: kwamba nukta nundu zinawafungia watoto katika dunia yao. Jibu la wanafunzi wa Paris lilikuwa kuendelea kuandikiana kwa siri. Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, ndiye aliyembadilisha mawazo, na shule ilipofungua jengo jipya mwezi Februari 1844 mfumo ulionyeshwa hadharani, mtoto mmoja akiandika anachotajiwa na mwingine asiyekuwapo akija kukisoma. Serikali ya Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854. Braille alikuwa ameshafariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku 2 baada ya kutimiza miaka 43.

Marekani walichelewa zaidi, na wa kulaumiwa ni wale wale waliotaka kitabu kipendeze macho. Samuel Gridley Howe, mkuu wa kwanza wa shule ya Perkins huko Boston, aliunda herufi zake za kuinuliwa zenye pembe pembe na akazing'ang'ania. Baadaye ukazuka ugomvi wa nukta zenyewe: New York walikuwa na mfumo wao, Boston wao, Uingereza wao, na kila chama kiliapa kwamba chake ndicho bora. Helen Keller, ambaye hakuona wala kusikia, ilimlazimu ajifunze mifumo kadhaa ili tu aweze kusoma vitabu vilivyokuwapo kwa lugha moja ya Kiingereza. Maelewano ya wasomaji wa Kiingereza wa pande zote mbili za bahari yalipatikana mwaka 1932. Hebu fikiria, zaidi ya miaka 100 tangu kijana wa Coupvray amalize kazi!

Kwetu nukta zilifika na shule za makanisa. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika, Kenya, mwaka 1946; Waanglikana wakaanzisha ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Bahati yetu ni kwamba tulifika ugomvi unakwisha. Mwaka 1949 India iliiomba UNESCO isaidie kuondoa vurugu ya nukta katika lugha zake, ukaitishwa mkutano Paris mwaka 1950, na kazi hiyo ikasimamiwa na Sir Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepoteza macho vitani Gallipoli mwaka 1915 na ambaye baadaye alifanya kazi na wasioona wa Uganda. Msimamo uliopitishwa ni mwepesi: sauti zinazofanana zipewe alama moja, lugha yoyote iwayo. Kwa hiyo M anayoipapasa mtoto wa Kigoma ndiyo M ya Lubumbashi na ndiyo ya Paris.

Tulianza na sleti. Ni kibao chenye vidirisha vidogo, unabana karatasi katikati, unatoboa nukta moja moja kwa kalamu ya chuma. Kwa kuwa unatoboa kwa nyuma, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuzwa, ili ukipindua karatasi usome kwa mwendo wa kawaida. Mtoto anazoea. Sleti ni nyepesi, haiharibiki, inaingia mfukoni, na mpaka leo sijaona kifaa cha bei yake kinachoishinda. Ila ni ya polepole, na mwalimu akitoa imla anakuacha njiani.

Mashine ilihitajika. Frank Hall, mkuu wa shule ya wasioona ya Illinois, alitengeneza ya kwanza iliyofaa kweli mwaka 1892, wala hakujichukulia hataza. Iliyotufikia sisi ni ya Perkins, shule ile ile ya Howe, ambayo kwa kejeli ya historia jina lake limeenea duniani kote likiwa limebandikwa kwenye mashine ya nukta. Aliyeibuni ni David Abraham, Mwingereza aliyekuwa akifundisha ufundi wa mbao hapo. Mkuu wa shule, Gabriel Farrell, alimpa kazi hiyo miaka ya 1930. Abraham akaimaliza, vita vikachelewesha uzalishaji, na mashine za kwanza zikatoka mwaka 1951. Chuma kitupu, karibu kilo 5.

Ina vitufe 6 vya nukta, 3 kila upande wa kitufe kirefu cha nafasi, kingine cha kushuka mstari na kingine cha kurudi nyuma. Nikiandika neno maji: kwa M nabonyeza kidole cha shahada na cha pete cha kushoto pamoja na shahada ya kulia, kwa pigo moja. A ni shahada ya kushoto peke yake. J ni kidole cha kati cha kushoto, shahada na cha kati vya kulia. I ni kama J, ukitoa kile cha mwisho. Mapigo 4, neno limekwisha, na nukta zimeinukia juu, kwa hiyo naweza kuzipitia kwa kidole bila kuitoa karatasi. Darasa zima likiandika kwa pamoja ni kelele ya karakana, na kengele ndogo ya mwisho wa mstari inalia hapa na pale. Mwalimu mzoefu anajua kwa sauti ya mapigo nani anaandika na nani anajifanya.

Ukarimu wa wenye macho uliwahi kutuponza katika shule moja niliyofundisha. Vitufe vya mashine 2 vilikuwa vizito, na mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akavilainisha kwa mafuta ya alizeti kutoka jikoni. Wiki za mwanzo vilienda vizuri mno. Kisha mafuta yakaganda, yakakamata vumbi la kiangazi, na mashine zikafunga kabisa. Fundi alipofungua kifuniko cha chini alinusa kwanza, akanyamaza, kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu, hizi hazijaharibika, zimekaangwa." Alizisafisha kwa petroli na mswaki, kipande kwa kipande, hadi jioni. Moja bado inafanya kazi.

Wakati sisi tunasukuma Perkins, Marekani walikuwa wanajaribu mambo makubwa. Mwaka 1969 daktari Paul Bach-y-Rita na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kiti walichokijenga huko San Francisco. Kilikuwa kiti cha daktari wa meno, na mgongoni mwake vimepangwa vitetemeshi 400, safu 20 kwa 20. Kamera inaelekezwa kwenye kitu, na umbo la kitu hicho linachorwa kwa mitetemo juu ya mgongo wa asiyeona. Watu walijifunza kutambua kiti, kikombe, simu. La kuvutia zaidi ni kwamba mafanikio yalikuja pale asiyeona alipopewa kamera aizungushe mwenyewe. Kamera ikiongozwa na mwingine, alihisi mtekenyo mgongoni tu. Akiiongoza mwenyewe, kitu kikawa mbele yake, nje ya mwili. Watafiti wale walistaajabu. Msomaji yeyote wa nukta nundu angewaambia mapema.

Miaka hiyo hiyo John Linvill, profesa wa Stanford, alikuwa na binti asiyeona, Candy. Akiwa Ujerumani mwaka 1962 alitazama mtambo wa kuchapa kwa kasi, akajiuliza kama vipini vile vingeweza kugonga kidole badala ya karatasi. Yeye na James Bliss wakatengeneza Optacon, ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkono wa kulia unatembeza kamera ndogo juu ya ukurasa wa kawaida. Shahada ya kushoto imelala juu ya vipini 144 vinavyotetemeka kwa umbo la herufi inayopita. Sasa hapa msimamo wangu unapata mtihani, maana Optacon ni ndoto ya Haüy imerudi na umeme: herufi za wenye macho chini ya kidole. Ilikuwa ya polepole, mafunzo yake marefu, na bei yake maelfu ya dola. Hata hivyo waliokuwa nayo walisoma barua zao wenyewe, lebo za dawa, risiti za benki, bila kumwomba mtoto wa jirani. Uzalishaji uliposimama mwaka 1996 watu walihangaika kutafuta vipuri. Naikubali heshima yake. Tofauti na vitabu vya Haüy, hii ilimpa asiyeona usukani.

Kompyuta zilipoanza, nukta nazo zikaacha karatasi zikahamia kwenye kifaa cha vipini. Chini ya kila nukta kuna kijiti chembamba kinachopinda kikipata umeme, kikainua kipini. Umeme ukikatika kipini kinazama. Mstari wa herufi 40, kila herufi na nukta 8 za kompyuta, unahitaji vijiti 320, na ndiyo maana bei yake haikushuka kama ya redio au simu. Kifaa kilichobadilisha hesabu hiyo ni Orbit Reader ya herufi 20, zao la juhudi za vyama vya wasioona vya nchi mbalimbali vilivyosema wazi kwamba vinataka kitu cha bei nafuu zaidi. Kenya imekuwa mbele yetu Watanzania hapa. Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi, iliyojulikana kwanza kwa kukarabati mashine za Perkins, imevifikisha vifaa hivyo mashuleni. Nukta za Orbit hupanda kwa mchakacho unaosikika, na si za haraka. Lakini kitabu kimoja cha sekondari kwa nukta nundu ni majuzuu kadhaa ya kubebwa mikono miwili, na hapa rafu nzima inakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Kilichobaki kigumu ni michoro. Ramani ya Ziwa Victoria tumeifundisha kwa uzi wa katani na gundi juu ya kadibodi, na nyuzi zilibanduka kila muhula. Hivi karibuni Wamarekani wametoa Monarch, yenye mistari 10 ya herufi 32 na vipini 3,840, inayoweza kuinua ramani au pembetatu chini ya viganja. Wanafunzi wangu hawajaigusa, na kwa bei yake sitarajii waiguse karibuni.

Wapo wanaoniambia haya yote yamepitwa na wakati, kwamba simu inasoma kwa sauti. Inasoma, nami naitumia kila siku. Ila mwanafunzi aliyesoma kwa masikio tu nikimpa mtihani wa kuandika ananiletea maneno matatu yameshikana kuwa moja na herufi H imehamia isikostahili, kwa kuwa sauti haimwonyeshi neno linakoishia. Na simu yenyewe, kioo kitupu kisicho na kona ya kushika, imekuja kuomba msaada kwa nukta. Tangu mwaka 2014 kwenye iPhone, na mwaka 2020 kwenye simu za Android, unaweza kuishika simu kioo kikiwa kimekupa mgongo, vidole 6 juu yake, ukaandika kama unavyoandika kwenye Perkins. Nilipoonyeshwa sikufundishwa chochote. Shahada ya kushoto, A.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na maofisa elimu ni dogo. Kabla hamjapokea shehena ya vifaa vipya vinavyotetemeka, mpeni kimoja mwalimu asiyeona akae nacho muhula mzima, kisha mumwulize vipuri vitatoka wapi. Na kama stoo kwenu kuna Perkins iliyofunga, itoeni leo mumpelekee fundi. Msiitie mafuta ya kula.